Tupime Damu Kabla ya Kumtafuta Mchawi

Mtoto wa miezi saba analia usiku kucha. Vidole vimevimba, nyayo vilevile, na macho yana umanjano. Bibi anasema ni jicho la watu. Jirani anasema ni jini la baharini. Shangazi upande wa baba ananong'ona kwamba ukoo wa mama haukuwa safi tangu mwanzo. Fedha zinakwenda kwa mganga, na mtoto anafikishwa hospitali akiwa hana tena nguvu ya kulia. Familia za namna hii tunazijua, Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe. Huenda mojawapo inakaa benchi la nyuma yenu kanisani.

Mara nyingi ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi wetu tunauita siko seli. Wataalamu wanakadiria kwamba zaidi ya watoto 10,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini Tanzania. Wasipopata matunzo, wengi wao hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Linalotusikitisha ni kwamba ugonjwa huu umeeleweka katika maabara kwa zaidi ya miaka 70, lakini maarifa hayo bado hayajaingia majumbani mwetu.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu si sawa na ya watu wengine. Baadaye Vernon Ingram, huko Uingereza, akaipata kasoro yenyewe: katika mnyororo wa viungo 146, kiungo kimoja tu, cha 6, kimebadilika. Ni kama rozari ambayo punje moja imewekwa ya aina nyingine. Kwa ajili ya punje hiyo, oksijeni ikipungua, himoglobini hugandamana na chembe hujikunja kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali yanapoanza. Tena hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mtoto hukosa damu kila mara.

Kwa nini sisi watu wa pwani? Mwaka huo huo wa 1949 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani ya Kenya na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba kasoro hii, lakini kwenye nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 alieleza sababu: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Basi mababu zetu waliokaa kwenye nchi za mbu wakapona, wakatuachia urithi huo. Si laana. Lakini tuelewe vizuri: aliyerithi kwa wazazi wote wawili ni mgonjwa, na malaria humuua upesi kuliko wengine. Huyo asilale bila chandarua hata usiku mmoja.

Hapa tunataka kusema na akina baba. Mtoto hawezi kupata selimundu kwa mama peke yake. Lazima arithi kutoka pande zote mbili. Mwanamume anayemrudisha mkewe kwao kwa sababu ya damu ya mtoto ajue kwamba nusu ya damu hiyo ni yake. Wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Na kila mimba huanza hesabu upya. Kumpata mgonjwa mmoja hakuwahakikishii kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima.

Maoni yetu, basi, ni kwamba vijana wapime damu kabla ya barua ya posa. Wapo wanaotuambia kwamba vipimo vitavunja ndoa. Hofu hiyo tunaielewa, lakini tunauliza: ndoa ngapi zimevunjwa na lawama za uchawi? Kuwa mbebaji si kizuizi cha ndoa katika Kanisa. Wanaojua hali yao huingia kwenye ndoa macho yakiwa wazi, nao watampima mtoto wao mara azaliwapo. Waulize pia ni kipimo gani wanachopewa. Baadhi ya vile vya haraka huonyesha tu kama himoglobini hiyo ipo. Kinachotenganisha himoglobini kwa umeme humtofautisha mbebaji na mgonjwa.

Kupima mapema kuna faida, kwa kuwa miezi ya kwanza mtoto hulindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni, naye huonekana mzima. Akijulikana mapema, hupewa penisilini ya kila siku hadi miaka 5, chanjo, na dawa za kumkinga na malaria. Ipo pia dawa ya haidroksiurea, inayoirudisha ile himoglobini ya utotoni. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba hupunguza maumivu, malaria na vifo. Hapa kwetu, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa huko Muhimbili tangu mwaka 2004. Hao ni Watanzania waliokaa darasani wakasoma kemia ya mwili.

Kwa hiyo, wazazi, binti au kijana wenu akipenda kemia na baiolojia, msimwambie kwamba ni masomo ya kukariri yasiyo na faida. Huenda yeye ndiye atakayesimama kesho kwenye maabara ya wilaya yenu, na kumpa mama fulani jibu la kweli kabla fedha hazijaishia kwa mganga.