Injini ya Ugenini Katika Chombo cha Nyumbani

Fundi wa mashua katika ufuko wa Bagamoyo huchonga mkuku, husimamisha mataruma na kupigilia mbao kwa mikono yake mwenyewe. Injini haundi. Hiyo hutoka kiwandani ng'ambo, na kazi ya fundi ni kutengeneza tezi imara yenye mahali pa kuifungia. Fundi ambaye angeizungushia injini mbao hata isitoke bila kuvunjwa chombo, angechekwa na wavuvi toka Bagamoyo hadi Saadani. Katika uandishi wa programu za kompyuta kosa hilo hutendeka kila siku, na watendao husifiwa kwa kumaliza kazi upesi.

Chukua mfano wa programu ya zahanati, inayojumlisha wagonjwa wa malaria kwa mwezi na kupeleka taarifa wilayani. Kujumlisha ni kazi ya programu yenyewe. Kupeleka hufanywa na kitu kilichoundwa na maktaba, yaani mkusanyiko wa programu zilizoandikwa na watu wengine. Mwandishi mwenye haraka huiita maktaba katikati ya hesabu zake na kuunda mtumaji papo hapo. Siku maktaba inapoachwa na waliokuwa wakiitunza, hapana budi kuzifungua hata hesabu zisizo na kosa lolote.

Dawa inajulikana. Kitu kisijiundie vile kinavyovitegemea. Kipewe kutoka nje, kupitia mlango uliowekwa wakati wa kukiunda. Mtindo huu, unaoweza kuitwa upachikaji wa tegemezi, ulienezwa na makala ya Martin Fowler ya mwaka 2004, mwaka ule ule lilipotoka toleo la 1.0 la Spring, programu ya lugha ya Java inayofanya kazi ya kupachika.

Ugumu huanza kwa vitu vya ugenini. Kipachikaji huunda kwa urahisi kitu ambacho njia ya kukiunda iko wazi. Kitu cha maktaba ya wengine pengine hakina njia hiyo: msimbo wake si wa kubadilishwa, nacho hupatikana kwa kuombwa katika maktaba yenyewe, kwa anwani na neno la siri. Hapo wengi hukata tamaa na kurudia mazoea ya zamani. Hakuna haja. Yatosha kuandika kazi moja ndogo, mahali pamoja, pale programu inapoanza. Kazi hiyo iiombe maktaba kwa desturi zake, kisha ikikabidhi kitu kwa kipachikaji kikiwa tayari. Ielezwe pia nani atakifunga mwishoni, kwa maana kitu kisicho na mwenyewe hubaki wazi.

Tena hesabu zisijue jina la maktaba. Zijue mkataba ulioandikwa na mwenye programu: mtumaji wa taarifa, ambaye kazi yake ni kutuma. Kitu cha ugenini kivishwe vazi jembamba linalotimiza mkataba huo. Hivyo mwanafunzi asiye na mtandao aweza kupachika mtumaji wa bandia, anayeandika tu alichopewa, akazipima hesabu zake zote.

Iko hali ya kinyume. Maktaba inayosoma hifadhidata huunda yenyewe kumbukumbu za wagonjwa, na kipachikaji hakipati nafasi. Hapo mtumaji asilazimishwe ndani ya kumbukumbu. Kumbukumbu ibaki kumbukumbu, na kazi inayohitaji vyote viwili ipewe vyote viwili.

Wapo wasemao kuwa haya yote ni mzigo. Wana sehemu ya haki: maktaba ya kupanga orodha haihitaji vazi. Lakini chochote kinachogusa mtandao, hifadhidata au fedha kinastahili mlango wake.

Tanzania ina sababu ya kulijali jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, baada ya mitambo ya gharama kubwa kutegemea mno wataalamu wa kigeni. Leo taarifa za vituo vya afya, vya Bagamoyo vikiwamo, hupita katika DHIS2, programu iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, iliyoandikwa kwa Java na kujengwa juu ya Spring. Kuitumia si aibu. Aibu ni kuijengea mifumo mingine ya nchi kwa namna ambayo hakuna kijana wa hapa atakayeweza kuitoa na kuweka nyingine.

Basi mwalimu wa kompyuta asingoje chuo kikuu. Mwanafunzi akionyesha programu yake ya kwanza inayofanya kazi, aulizwe swali moja: kitu hiki cha wengine kikifa kesho, utafungua mistari mingapi? Jibu lake ndilo kipimo cha ufundi wake.