Utepe Haumzalishi Mama

Leo sitasema kwa upole. Upole tumeujaribu, na haujaleta hata muuguzi mmoja.

Mama anayejifungua Nyeri na mama anayejifungua Mandera wana kitambulisho kimoja, wanapiga kura siku moja, wanatozwa ushuru uleule kwenye sukari na muda wa maongezi. Lakini hawazai nchi moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Kenya nzima, watoto 89 kati ya 100 walizaliwa mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Ukisikia hivyo unashusha pumzi. Usishushe bado! Nyeri na Kirinyaga zilikaribia mia kwa mia. Turkana na Mandera hazikufika hata 60.

Wastani ni kichaka cha viongozi kujifichia.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Kila mtu. Hakikuandika "isipokuwa aliyezaliwa Lokichoggio, Turkana".

Mtaniambia mchele mmoja mapishi mbalimbali. Afya iligatuliwa 2013, kila gavana na jiko lake. Na wapo wanaotaka irudishwe Nairobi. Nairobi ipi? Ile iliyoisahau Mandera miaka 50? Hesabu zilizotokana na sensa ya 2009, kabla ya gavana yeyote kuapishwa, zilionyesha huko akina mama zaidi ya 3,700 wakifa kwa kila vizazi hai 100,000. Ugatuzi haukuleta aibu hiyo. Uliikuta, ukaipaka rangi.

Na rangi yenyewe ni ghali. Februari 2015 serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya kukodishia kaunti zote 47 vifaa vya hospitali kwa miaka saba, kwa Sh38 bilioni. Kila kaunti ikakatwa Sh95 milioni kwa mwaka, kisha zikapanda hadi Sh200 milioni. Kiasi kilekile, kwa kaunti yenye wataalamu na kwa kaunti isiyo na hata mtu wa kuisoma picha ya eksirei! Maseneta wakachunguza, na ripoti yao ya 2020 ikasema tuliyoyajua sote: vifaa vimekaa bure, hapa hakuna mtaalamu, pale hakuna umeme, kule hakuna maji.

Nimewahi kuiona mashine moja ya namna hiyo, katika hospitali ambayo sitaitaja. Ilikuwa imefunikwa shuka la wadi, na juu ya shuka wamepanga makatoni ya faili. Ukutani kibao cha shaba kinang'aa: imezinduliwa rasmi na Mheshimiwa fulani. Nje, kwenye benchi, mzee ameunyoosha mguu uliovimba, anaambiwa aende mjini akapigwe picha kliniki ya binafsi. Nauli yake, picha yake. Karani aliyemwambia hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amechoka tu kurudia maneno yaleyale tangu asubuhi.

Siku ya uzinduzi ngoma zilipigwa. Utepe ulikatwa. Nani alipiga makofi? Mimi na wewe.

Utepe haumzalishi mama. Kibao hakizuii damu. Anayezuia damu ni muuguzi aliyelala macho saa tisa usiku, na dawa iko kabatini, na gari la wagonjwa lina mafuta. Uchungu hauna saa za kazi, lakini zahanati ngapi za vijijini zinafungwa jioni? Saa nne usiku mama anapakiwa kwenye bodaboda, dereva mbele, mama mkwe nyuma akimshikilia asianguke, na barabara ni mashimo matupu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Waheshimiwa wao wakikohoa wanapanda ndege.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wauguzi tunao. Tumewasomesha, wakamaliza, wakakaa nyumbani. Mwaka 2021 tukatia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka huko wale waliokosa ajira. Siwalaumu wanaokwenda, mtu atakula nini? Nawalaumu wenye kalamu ya kuajiri. Nchi inayofunga zahanati kwa kukosa wauguzi inawasafirisha wauguzi wake ng'ambo, na kuita hayo mafanikio!

Nawe, msomaji, hebu fungua simu yako. Uko makundi mangapi ya "Gharama ya Hospitali"? Unatuma mia tano, unaandika "poleni sana", unaendelea na shughuli zako. Wiki ijayo jina la kundi linabadilishwa kuwa "Mipango ya Mazishi". Mweka hazina ni yuleyule. Paybill ni ileile. Na mwisho wa mwezi umekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHA, kisha hospitali inakutuma duka la dawa ukanunue glavu na sindano. Unalipa kodi, unalipa bima, unalipa mchango, na bado unazika.

Umelala, ndugu yangu. "Mtu wetu" akiitwa na EACC, tume ya kupambana na ufisadi, unajaa barabarani na matawi. Dada yako akifa akijifungua, unasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu ndiye aliyepitisha bajeti ya kaunti?

Haya, na hili unalijua? Kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, ipeleke maji, barabara, umeme na huduma za afya maeneo yaliyoachwa nyuma. Ilipewa miaka 20 kuanzia 2010. Yaani inafika mwisho wake 2030. Miaka imeyoyoma katika kesi na mivutano, pesa zinadondoka tone kwa tone, na sijaona maandamano hata ya watu kumi kuidai. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yako yanatakiwa kufika mbele ya bunge la kaunti kabla ya Aprili kuisha, na sheria inakupa nafasi ya kutoa maoni. Nenda. Usiende kuomba jengo jipya. Majengo wanayapenda, yana utepe. Muulize MCA wako, mwakilishi wa wadi, maswali mawili mbele ya watu: zahanati yetu ina wauguzi wangapi wa zamu ya usiku, na mwaka huu mmetenga shilingi ngapi za kuajiri wengine? Akianza kukueleza habari za mashine, mkatize.