NENO LA MHARIRI: BOMU HALIKUIANGUSHA, MADENI NUSURA YAIANGUSHE



Maneno mengi yasemwa siku hizi juu ya akiba. Tangu mwaka 2025, serikali ilipotangaza kwamba ukaguzi wa hesabu umeonyesha zaidi ya shilingi bilioni 13 zimepotea katika KUSCCO, ule muungano wa Sacco za nchi nzima, watu wameingiwa na hofu. Hapa Voi wako wanaosema, "Mimi natoa akiba yangu yote, ninunue pikipiki, maana pikipiki naiona kwa macho." Hatuwacheki. Mwenye jasho lake ana haki ya kuuliza liko wapi. Lakini kabla ya mtu kuchukua kalamu na kuandika barua ya kujitoa, twaomba asome kwanza habari ya chombo kimoja cha fedha cha watu wadogo, kilichopatwa na msiba mkubwa kuliko huu, kikaanguka magoti, kisha kikasimama. Chombo hicho ni Benki ya Ushirika, ambayo wengi wetu twaiita Co-op.

Benki hii haikuanzishwa na matajiri. Iliandikishwa mwaka 1965 chini ya sheria ya vyama vya ushirika, ikaanza kazi ya benki mwaka 1968. Wenyewe walikuwa vyama vya wakulima, hasa wakulima wa kahawa. Katika siku zile benki kubwa hazikumwona mkulima mwenye ekari mbili kuwa ni mtu wa kukopeshwa. Basi vyama vikasema, fedha ya kahawa yetu twaipeleka kwa watu wengine, nao wawakopesha watu wengine. Kwa nini tusiwe na mahali petu? Baadaye vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi navyo vikaingia, vya walimu, vya watumishi wa serikali, na vya watu wa kazi mbalimbali. Ilipofika mapema miaka ya 1980, benki ilikuwa na jumba lake refu katika barabara ya Haile Selassie, Nairobi. Mfanyakazi wa reli alijua jumba hilo, kwa sababu ukitoka katika stesheni ya Nairobi ni mwendo mfupi wa miguu.

Jirani wa jumba hilo alikuwa ubalozi wa Marekani.

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, watu wabaya walileta lori lenye bomu nyuma ya ubalozi ule. Katika Nairobi watu 213 walikufa, na maelfu waliumia, wengi macho yao yakapofuka kwa vigae vya vioo. Siku hiyo hiyo katika Dar es Salaam bomu jingine liliua watu 11. Wamarekani waliokufa Nairobi walikuwa 12. Wengine karibu wote walikuwa watu wa kwetu: makarani, wafagiaji, abiria wa basi, wanafunzi wa uchapaji, wachuuzi, watu waliokwenda mjini kwa shughuli zao. Jumba la Ufundi lilianguka lote chini. Wengi hawakumbuki ya kuwa jumba hilo lilikuwa mali ya Sacco, yaani akiba ya wafanyakazi iliyogeuzwa kuwa mawe na saruji. Nalo jumba la Benki ya Ushirika lilibaki limesimama, lakini limepasuliwa ndani na nje, halifai kwa kazi. Makao makuu ya benki yalihama, yasirudi hadi mwaka 2002. Pale ulipokuwa ubalozi leo pana bustani ya ukumbusho, iliyofunguliwa mwaka 2001, yenye majina ya marehemu. Mwanachama akifika Nairobi, na asipite bila kusimama.

Sasa ndugu, sikilizeni jambo ambalo ndilo hasa twataka kulisema.

Katika mwaka huo huo wa 1998, benki nyingine za Kenya zilifungwa. Trust Bank ilifungwa. Reliance Bank ilifungwa. Ziko na nyingine. Wenye akaunti walikuta milango ina kufuli. Je, benki hizo zilipigwa na bomu? Hata kidogo. Paa zao zilikuwa nzima, vioo vyao vilikuwa vizima, viti na meza vilikuwa mahali pake. Kilichoziua benki nyingi za miaka ile ni mikopo mibaya: fedha zilizotolewa kwa wakubwa na marafiki, bila dhamana ya kweli, na wasiwepo watu wa kuuliza zitarudi lini.

Na Benki ya Ushirika nayo ilikuwa na ugonjwa huo. Tusidanganyane. Bomu liliiumiza, lakini si bomu peke yake lililoifikisha ukingoni. Madeni yasiyolipwa yalikuwa yamerundikana, na uchumi wa nchi ulikuwa umelala. Ilipofika mwaka 2001 hasara ilikuwa shilingi bilioni 2.3. Matofali yaweza kupangwa upya kwa miaka michache. Fedha iliyokopeshwa bila mpango hairudi kwa kupaka rangi ukuta. Wenzetu wa gengi wanaijua habari hii kuliko mhariri. Treni ikitoka relini watu wote hukimbia kutazama behewa lililolala chini. Yule fundi mwenye akili huenda nyuma, atazame taruma lililooza tangu mwaka jana.

Basi ilisimamaje? Mwaka 2001 uongozi ulishikwa na Bwana Gideon Muriuki. Benki ikarudi katika kazi yake ya kwanza: kudai madeni, kukopesha kwa uangalifu, kutafuta wateja wadogo wengi badala ya wakubwa wachache, na kuzisaidia Sacco kufungua madirisha yao wenyewe ya fedha, hata mwanachama wa Sacco akaweza kutoa pesa katika mashine kwa kadi. Mwaka 2002 jumba lilifunguliwa tena. Mwaka 2008 benki ilifanywa kuwa kampuni, ikauza hisa kwa watu wote, na mwezi wa Desemba hisa zake zikaingia katika soko la Nairobi. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilikuwa na nguvu hata ikainunua benki nyingine iliyokuwa inayumba, Jamii Bora, ambayo sasa yaitwa Kingdom Bank. Mwaka 2023 faida yake baada ya kodi ilipita shilingi bilioni 23. Kutoka shimo la bilioni 2.3 hadi hapo ni safari ya miaka 22.

Magazeti humsifu mkurugenzi, nasi hatumnyimi sifa yake. Lakini sisi ni chama cha wafanyakazi, na hatuna desturi ya kuamini kwamba dereva peke yake ndiye aliyeifikisha treni Mombasa. Ziko sababu mbili nyingine.

Ya kwanza ni wafanyakazi wa benki ile. Wako waliokufa kazini siku ile, wako walioumia, na wako waliozika wenzao kisha wakarudi kuhesabu fedha za watu katika nyumba ya kupanga. Jasho lao limo katika kila shilingi ya faida hiyo.

Ya pili ni wenye mali. Kabla ya 2008 benki ilikuwa mali ya vyama vya ushirika, na hata leo vyama hivyo, kwa njia ya chama kiitwacho Co-opholdings, vina zaidi ya asilimia 60 ya hisa. Tajiri mwenye benki akiona moshi, huhamisha fedha zake usiku. Chama cha wakulima hakina pa kuhamia. Chama cha walimu hakina pa kuhamia. Mali yao imo mle, na benki ya watoto wao ndiyo ile. Mtu asiye na pa kukimbilia hutafuta maji ya kuzima moto. Hiyo ndiyo nguvu ya ushirika, wala si maneno ya kupamba bendera.

Wengine watasema, "Mhariri, hiyo ni benki ya mabilioni, na sisi ni watu wa mafuta ya gurudumu na nyundo. Yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Sisi watu wa reli tumeona kampuni zikija na kuondoka. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa Rift Valley Railways, na wenzetu maelfu walipunguzwa kazi. Mwaka 2017 kampuni hiyo nayo iliondolewa, na mwaka huo huo treni mpya za Madaraka zikaanza kupita Voi kwa njia nyingine. Kampuni hubadilika, nembo ya shati hubadilika. Mtu aliyekuwa na akiba katika chama alikuwa na kitu cha kushika siku barua ilipofika, angalau ada ya shule ya muhula mmoja, angalau nauli ya kurudi Wundanyi na mabati ya nyumba. Asiyekuwa nayo alikwenda kwa wakopeshaji wa mjini, na wengine mpaka leo hawajatoka huko.

Kwa hiyo hatusemi, tulieni mlale. Hofu ya KUSCCO ina sababu. Sacco nyingi ziliweka fedha mle bila kuuliza maswali, na wanachama hawakuwauliza viongozi wao maana hawakuja mkutanoni. Twasema hivi: usikimbie chama, kilinde. Na ulinzi wenyewe ni huu.

Mosi, tazama hati yako ya mshahara kila mwezi, kisha tazama taarifa ya Sacco. Je, makato yaliyokatwa yamefika? Mara nyingi mwajiri hukata fedha mwisho wa mwezi akaitumia kwa mambo yake, na mfanyakazi asijue mpaka anapotaka mkopo. Sheria ya Vyama vya Ushirika katika kifungu cha 35 iliandika kwamba mwajiri asiyepeleka makato kwa muda wa siku 7 atalipa fedha hiyo pamoja na riba juu ya riba, isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi. Usinung'unike kantini. Leta hati zako kwa mwakilishi wa chama, nasi tutaandika barua.

Pili, lipa mkopo wako. Neno hili halipendezi, lakini ndilo tulilojifunza katika habari hii yote. Kila mwanachama anayekopa na kujificha ni bomu dogo. Haliui mtu mchana, lakini laua harusi ya mdhamini wake, lafukuza mtoto wa mdhamini wake shuleni. Wewe nawe usitie sahihi ya udhamini kwa kuona haya, ati ni shemeji au ni mtu wa nyumbani. Sahihi yako ni mshahara wako.

Tatu, njoo katika mkutano mkuu wa mwaka. Uliza maswali manne tu: mikopo isiyolipwa ni kiasi gani? Nani kati ya viongozi amekopa, na analipa? Fedha za ziada zimewekwa wapi? Mkaguzi wa hesabu amesema nini? Kiongozi mwema atafurahi kuulizwa. Anayekasirika, mwandikeni jina lake, na siku ya uchaguzi mlikumbuke. Tangu sheria ya 2008 iko mamlaka ya serikali ya kusimamia Sacco, yaani SASRA, lakini askari mmoja hawezi kulinda mashamba yote ya kijiji. Mwenye shamba sharti akeshe.

Nne, kama Sacco yako ina hisa katika Benki ya Ushirika, uliza gawio la mwaka limeingia kiasi gani na limekwenda wapi. Faida ya bilioni 23 haina maana kwa mfanyakazi wa Voi kama haijui njia ya kufika Voi.

Kina mama wa Mwatate wana vikundi vyao vya kuchanga kila juma. Hawana jumba wala mlinzi mwenye bunduki. Wana daftari moja na macho kumi na tano, na asiyeleta zamu yake huulizwa mbele ya wote. Wakulima wa kahawa walioanzisha benki mwaka 1965 walianza kwa akili hiyo hiyo. Benki ilipoisahau, iliumwa. Ilipoikumbuka, ilipona.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuandika barua ya kujitoa, iweke kalamu chini kidogo. Njoo kwanza mkutanoni na hati zako mkononi. Ukiisha kuuliza na usijibiwe, hapo tutaandika barua pamoja, wala haitakuwa ya kujitoa. Itakuwa ya kuwatoa waliokataa kujibu.

Umoja ni nguvu, na hesabu safi ndiyo umoja wenyewe.