Motokaa Zenye Chongo

Jua likizama, simameni kidogo kando ya barabara ya Lubumbashi inapoingia Likasi, mkatazame motokaa zijazo. Hamtakaa sana kabla ya kuona moja yenye taa moja tu ya mbele, ya pili imekufa. Watu huicheka wakisema, "Ile ina chongo." Mimi naona si jambo la kucheka. Motokaa ya taa moja yawadanganya wote wanaokutana nayo, na uongo wake waweza kuua.

Mwulize shofere, naye atakujibu: "Njia naiona vizuri, taa moja yanitosha." Hayo ni maneno ya mtu ajifikiriaye peke yake. Taa za mbele zina kazi mbili: zamwonyesha shofere njia, tena zawaonyesha wengine motokaa yake na upana wake. Aonaye taa mbili hujua kwamba motokaa yaja. Aonaye moja hudhani ni pikipiki, akajiambia nafasi ipo. Na huku Kongo twapita upande wa kuume. Kwa hiyo taa ya kushoto ndiyo iliyo karibu na katikati ya barabara. Ikifa hiyo, anayekuja huona taa ya kuume tu, ile ya pembeni. Nusu ya lori iliyo upande wake imo gizani, naye aiendea bila kujua.

Wengine huongeza kosa juu ya kosa. Ampule nyingi zina nyuzi mbili ndani, mmoja wa taa fupi na mmoja wa taa ndefu. Uzi wa taa fupi ukikatika, shofere huwasha taa ndefu, akaiacha hivyo safari nzima na kuwapofusha watu. Tena motokaa nyingi za kwetu zimekwisha kutumika Japani, ambako watu hupita kushoto. Taa zake fupi zilitengenezwa ili zimulike zaidi ukingo wa kushoto; kwetu upande huo ndio wa anayekuja.

Ni nani alipaye? Malori ya shaba yatokayo Kolwezi kwenda Kasumbalesa ni chuma kitupu. Alipaye ni yule asukumaye baiskeli yenye magunia ya makala, ni mama atokaye sokoni, ni mtoto aliyetumwa chumvi.

Msiseme sheria haipo. Kongo ina sheria yake ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 wataka taa za mbele za motokaa ziwe mbili mbili. Lakini askari akipokea kitu kidogo na kuiacha motokaa iende zake, sheria imebaki karatasi. Wala tusiwalaumu shofere na askari peke yao. Yuko tajiri mwenye motokaa, aketiye nyumbani, adaiye fedha yake kila jioni wala haulizi habari za taa. Huyo ndiye wa kwanza kuulizwa.

"Maisha ni magumu," watasema. Ni kweli. Lakini tairi likipasuka, mtu yule yule hutafuta fedha siku ile ile, maana bila tairi motokaa haitembei. Bei ya ampule ni ndogo sana kuliko ya tairi. Lakini ampule yangoja mwezi mzima, kwa sababu bila hiyo motokaa yatembea, na hatari ni ya mwingine. Wahenga walisema, "Akipenda, chongo huita kengeza." Kumbe apendacho ni mfuko wake.

Dawa si ngumu. Kabla ya giza, elekeza motokaa ukutani, washa taa, uhesabu. Ukiona mwanga mmoja, badili ampule; wala usishike kioo chake kwa vidole vitupu, maana mafuta ya mkono huifanya iungue upesi. Kama huna fedha leo, lala ulipo, uondoke asubuhi. Nawe abiria, zitazame taa kabla ya kupanda. Ukikuta moja imekufa, usipande. Mwenye motokaa asiyejali uhai wako atajali kiti kisicho na mtu.