Wafu wa Savannah Si Mchezo wa Usiku

Iko desturi iliyoenea katika nchi za ng'ambo, nami naichukia, na leo nataka kuitaja mbele ya wasomaji wetu ili tuipime kwa haki. Vijana wenye nafasi hufunga nguo zao katika mashanta, wakayabeba mgongoni, wakaenda mji kwa mji, siku mbili hapa na siku tatu pale. Kusafiri huko si kubaya, maana akaaye kwao siku zote hujiona mwenye akili kuliko watu wote. Ubaya uko katika kile wanachokinunua wakifika.

Katika Marekani mji mmoja unaotajwa sana kwa sifa ya mizuka ni Savannah, katika jimbo la Georgia. Ni mji mzuri, wala sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Mwingereza James Oglethorpe aliuanzisha mwaka 1733, akaupanga kwa viwanja vya wazi vilivyozungukwa na nyumba, navyo 22 vingalipo hata leo, vyenye kivuli cha miti mikubwa. Basi kijana wetu hufika mchana, huweka shanta lake katika nyumba ya wageni ya bei rahisi, na usiku hutoa dola zake atembezwe kuonyeshwa nyumba zenye mizuka. Wengine hufuata kiongozi kwa miguu. Wengine hupita katika vilabu vya pombe, bilauri mkononi. Na wengine, hili ndilo linalonishangaza kupita yote, hupakiwa katika gari la kuchukulia maiti lililokatwa paa, ili watoe vichwa nje na kucheka. Kesho kutwa amekwisha ondoka. Ukimwuliza Savannah kuna nini, atakujibu, "Kuna mizuka."

Je! wafu hao wanaochekwa ni nani? Wako waliokufa kwa homa ya manjano, iliyoupiga mji ule vibaya katika miaka 1820, 1854 na 1876. Wako askari walioanguka katika vita vya mwaka 1779. Lakini wako pia watumwa, watu waliotolewa katika bara hili letu, na watoto wao na wajukuu wao. Georgia hapo kwanza ilikataza utumwa kwa sheria. Tamaa ya mali ikashinda, na tangu mwaka 1751 ukaruhusiwa. Watumwa wakalima mpunga na pamba, wakapika, wakalea watoto wa mabwana. Walipokufa walizikwa mahali palipotengwa, na baadaye mji ukapanuka juu ya makaburi yao.

Katika nyumba kubwa iitwayo Sorrel-Weed wageni husimuliwa habari za msichana mtumwa, jina lake Molly, aliyekuwa ameshikwa na bwana wake, kisha akakutwa amekufa kwa kunyongwa. Ati mzuka wake ungali humo. Mwanahistoria Tiya Miles, mwanamke Mwamerika mweusi, alimtafuta Molly huyu katika maandishi ya zamani asimwone. Alieleza habari hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 1868? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2015. Angalieni basi jambo hili. Watumwa wa kweli walikuwapo kwa maelfu, wakaacha alama zao, nao hawatajwi. Badala yao ametungwa mmoja asiyejulikana, apate kunyongwa kila usiku kwa malipo.

Ikiwa watu wataka kutishwa, kweli yenyewe yatisha kuliko Molly. Mwaka 1859, tarehe 2 na 3 Machi, katika uwanja wa mashindano ya farasi uitwao Ten Broeck, karibu na mji ule, ulifanywa mnada wa watu zaidi ya 400. Mwenyewe, Pierce Butler, alikuwa amepoteza mali kwa kamari na madeni. Kabla ya mnada watu wale waliwekwa katika mazizi ya farasi, na wanunuzi wakawafunua vinywa, wakawapapasa mikono kama watu wanunuao ng'ombe. Butler alipata dola 303,850. Mvua ilinyesha siku zote mbili, na wazao wa watu wale wauita wakati ule Wakati wa Kulia. Hakuna mzuka katika habari hii. Yuko mtu na deni lake, na wengine waliolilipa.

Najua nitajibiwa: "Mwalimu, hata wazee wetu walisimulia mizimu, mbona wawalaumu wageni?" Mimi ni Mkristo, sitetei matambiko. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mzimu wa wazee ulikuwa na jina na ukoo, na aliyeutaja alijua kwamba ana wajibu juu yake. Mzuka wa Savannah hauna ndugu wala haumdai mtu kitu, ila tikiti tu. Nasi wa pwani hii tunajua njia nyingine. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, mahali pake palijengwa kanisa, na mgeni aendaye pale huenda kusikia habari za mnada.

Wengine watasema kijana yule ana siku mbili tu na fedha chache. Haya, siku mbili zatosha. Asubuhi aende kanisa liitwalo First African Baptist. Waumini wake, wengi wao watumwa, walilijenga usiku baada ya kazi za mabwana, wakalimaliza mwaka 1859, mwaka ule ule wa mnada. Sakafuni mna matundu, na mapokeo ya kanisa yasema yalikuwa ya kuwapatia pumzi watumwa waliotoroka na kufichwa chini. Kisha aende nyumba ya Owens-Thomas, aingie vyumba vya watumwa vilivyo nyuma, atazame dari iliyopakwa rangi ya buluu.

Na jioni, miguu ikichoka, akae bure katika kiwanja kilichoitwa zamani Calhoun, kwa jina la mtetezi mkubwa wa utumwa. Huko, chini ya kiwanja na nyumba za jirani, ndiko walikozikwa watumwa. Mwaka 2023 baraza la mji lilikipa jina jipya, Susie King Taylor. Alizaliwa mtumwa mwaka 1848. Sheria ya Georgia ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma, kwa hiyo alipokuwa mtoto katika mji ule alikwenda shule ya siri nyumbani mwa mwanamke mmoja, vitabu vyake vimefungwa kwa karatasi askari wasivione. Alipofika miaka 14 alikuwa amekwisha pata uhuru wake, naye akawa mwalimu.