Wasiwasi wa Mzazi Aliye Mbali Usipuuzwe

Baba afanyaye kazi Mwanza humpigia simu mwanawe wa miaka 15, aishiye na mama yake Dar es Salaam. Tangu wazazi hao walipoachana, mazungumzo yamezidi kufupika: "Shikamoo baba. Sijambo. Shule nzuri." Mpira kijana ameuacha, na marafiki hawataji tena. Baba akimwuliza mama, hujibiwa kwamba mtoto ametulia, hana makundi mabaya. Je, huo ni utulivu au upweke?

Swali hili hulisikii mara nyingi kliniki, kwa kuwa mwenye kuliuliza hayupo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapokosea. Aliye karibu huyazoea mabadiliko ya polepole. Aliye mbali huiona tofauti kati ya likizo moja na nyingine. Wasiwasi wake ni sehemu ya maelezo ya mgonjwa, wala usichukuliwe kuwa ni chokochoko za mtalaka.

Si kila kijana mkimya ni mgonjwa, maana balehe huja na hamu ya faragha. Lakini kijana akiacha alichokipenda, usingizi na hamu ya kula vikabadilika, masomo yakashuka, na hali hiyo ikadumu wiki mbili au zaidi, apelekwe kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Mzazi uliye mbali, piga simu saa ile ile uliyoahidi, hata kama maneno yatakuwa machache. Usimfanye mtoto mpelelezi wa nyumba ya mtalaka wako. Mweleze mzazi mwenzako ulichokiona, bila kumlaumu.

Nasi wahudumu wa afya tumpe kijana nafasi ya kuzungumza peke yake. Tumwulize hucheza na nani, humweleza nani siri zake, na kama amewahi kutamani kufa. Kuuliza hivyo hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kulisema. Akikiri, ahudumiwe siku hiyo hiyo. Na pale ambapo kijana ameridhia na hakuna hatari kwake, tumpigie simu mzazi wa pili.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye. Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Basi nasi tusiuvunje kliniki.