Dawa ya Sonona kwa Asiye na Sonona

Neno wasiwasi tumelipata kutoka Kiarabu, na katika mafundisho ya Kiislamu lina uzito kuliko tuliouzoea: ni mnong'ono unaomtia muumini shaka iwapo udhu wake umetimia. Anayerudia udhu mara kumi na bado akakosa yakini hajawapita wenzake kwa uchamungu, wala hajapagawa. Huenda ni mgonjwa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliliona hilo: katika kitabu chake kuhusu afya ya mwili na nafsi alitenga sura nzima kwa wasiwasi wa aina hii.

Leo madaktari wanautambua ugonjwa huo kwa alama mbili. Kwanza, mawazo yasiyotakiwa hung'ang'ania akilini: uchafu, mlango ulioachwa wazi, hofu ya kumdhuru mpendwa. Pili, mgonjwa hulazimika kurudia tendo fulani ili apate nafuu ya muda mfupi. Mara nyingi anajua kuwa tendo lenyewe halina mantiki, lakini kujua hakumwokoi. Hukadiriwa kuwa katika kila watu 100, kati ya 1 na 3 huupata maishani. Kwa chuo chenye wanafunzi 10,000, hao ni 100 hadi 300.

Tiba ipo, nayo ina jina linalopotosha. Dawa zinazosaidia ni zile zinazoitwa dawa za sonona. Mgonjwa husoma kikaratasi ndani ya pakiti, akasema, "Mimi sina sonona," kisha akaiweka kando. Ukweli ni kwamba dawa hufanya kazi zaidi ya ile iliyolipa jina lake. Klomipramini iliundwa kwa ajili ya sonona, lakini tangu miaka ya 1960 madaktari wa Ulaya waliona kuwa inapunguza mawazo haya yang'ang'aniayo. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 1989, na fluoksetini ikafuata mwaka 1994.

Hata hivyo, si kila dawa ya sonona inafaa. Zinazofaa ni zile zenye nguvu juu ya serotonini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za ubongo. Amitriptilini, ambayo kwa bei yake nafuu imezoeleka katika vituo vyetu vya umma, si tiba inayotegemewa kwa ugonjwa huu. Aidha, mara nyingi dozi inayohitajika ni kubwa kuliko ile ya sonona, na matokeo huweza kusubiriwa kwa wiki 8 hadi 12. Mgonjwa asiyeambiwa haya huacha dawa wiki ya tatu, akaamini kuwa hatibiki. Familia nayo husema, "Tulikwishajaribu hospitali."

Sisemi kuwa dawa ni muujiza. Wapo wasiopata nafuu, na wengi hupata nafuu ya sehemu tu. Kichefuchefu na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa ni kero za kweli. Vijana walio chini ya miaka 25 wanapaswa kufuatiliwa kwa karibu katika wiki za mwanzo, kwani mawazo ya kujiua huweza kuongezeka. Na kuacha dawa ghafla kunaleta taabu. Tena, tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kuikabili hofu bila kurudia tendo ina ushahidi mkubwa. Lakini inahitaji mtaalamu aliyefunzwa, nao ni wachache. Kwa wengi wetu, dawa ndiyo tiba iliyo karibu zaidi.

Hapo ndipo suala la mgonjwa linapokuwa suala la sera. Shirika la Afya Duniani limeiweka klomipramini katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Orodha haimtibu mtu. Kinachomtibu ni dawa iliyopo rafuni mwezi huu na mwezi ujao. Anayeagiza dawa za wilaya akihesabu "dawa za sonona" kama fungu moja, na kuridhika kuwa amitriptilini ipo, amekwishamwacha mgonjwa huyu nje ya mlango.

Ndugu zangu watumishi wa umma, lisomeni fungu hilo upya, dawa moja baada ya nyingine. Nawe mwanafunzi unayerudi mara ya saba kukagua kufuli wakati mtihani umeanza: hiyo si tabia mbaya. Mwone daktari, umweleze yote, na umwulize dawa hiyo itachukua muda gani kabla ya kuihukumu.